Jirani ana TB: je, tuhame Manyatta?

Swali: Bwana Afya, hujambo. Tuko watu watano katika chumba kimoja hapa Manyatta, Kisumu: mimi, mume wangu na watoto watatu. Mdogo ana miaka miwili. Ploti ina vyumba kumi na viwili, vyoo viwili na mfereji mmoja. Mwezi jana jirani wa mlango wa tatu alipatikana na TB. Mume wangu anasema nyumba hizi za kubanana ndizo zinazoeneza magonjwa, na anataka mimi na watoto turudi kwao Vihiga "kwenye hewa safi". Mimi nauza mboga Kondele, na kule nitauza nini? Nimeona nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa kule Migosi, kodi ni ya kuumiza lakini tukijikaza tutaiweza. Je, ni kweli kwamba watu wakiwa wengi mahali pamoja, lazima ugonjwa uenee? — Mama Baraka

Jibu: Mama Baraka, swali la mume wako nitalijibu kwa urefu, lakini kwanza lile la haraka. Wapeleke watoto kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe, wiki hii, na ukifika sema wazi kwamba kuna mgonjwa wa TB kwenye ploti yenu. Watakuuliza watoto walikuwa karibu naye kiasi gani. Kulala mlango wa tatu si sawa na kulala chumba kimoja, ila kama wanao walikuwa wakishinda kwake jioni wakitazama katuni, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiambukizwa, TB humwendea mbio kuliko mtu mzima, na inaweza kufika hadi kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtoto aliyekaa karibu na mgonjwa huchunguzwa, na akionekana hana ugonjwa hupewa dawa ya kuuzuia. Katika vituo vya umma, dawa za TB ni za bure.

Na huyo jirani msimkimbie. Akishika dawa vizuri, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana katika wiki chache za mwanzo, ingawa lazima aendelee kumeza kwa miezi sita. Wa kuogopwa ni yule anayekohoa mwezi wa pili na hajapimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa wa TB nchini hawakuwa wamegunduliwa. Jirani yako ameshatoka katika kundi hilo. Nani mwingine kwenye vyumba hivyo kumi na viwili bado yumo, hakuna ajuaye.

Sasa mume wako. Ana haki ya kuogopa, lakini amechanganya mambo mawili ambayo hata sisi wa afya tuliyachanganya kwa miaka mingi: wingi wa watu katika eneo, na kubanana ndani ya chumba. Hayo si kitu kimoja. Sensa ya 2019 ilikuta Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba, ikiwa ya tatu nchini baada ya Nairobi na Mombasa. Kaunti ya Kisumu kwa wastani ilikuwa na watu 550 hivi. Kwa hesabu hiyo ya karatasi, "hewa safi" anayowapeleka ina msongamano karibu mara mbili ya kaunti mnayoikimbia! Bila shaka Manyatta yenyewe imejaa kuliko kijiji chochote cha Vihiga. Ninachosema ni kwamba nambari ya watu kwa kilomita haikuambii wangapi wanalala pamoja, dirisha liko wapi, wala maji ya kunywa yanatoka wapi. Na ugonjwa huuliza hayo matatu tu.

Ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu kwa mamia katika mtaa wa Soho, London, mtaa uliobanana watu kwelikweli. Daktari mmoja, John Snow, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza maji yanatekwa wapi, na karibu kila kifo kikamrudisha kwenye pampu moja ya Broad Street. Wengi husimulia habari ya pampu. Mimi hunivutia zaidi nyumba ya maskini iliyokuwa hatua chache kutoka hapo. Ndani yake walirundikwa watu 535, watu wasio na chochote, kitanda kwa kitanda. Wakafa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na pampu yake. Kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani, chenye wafanyakazi zaidi ya sabini, hakikupoteza hata mmoja kwa kipindupindu, maana nao walikuwa na kisima chao, na nasikia walipendelea kinywaji cha kazini kwao kuliko maji. Mtaa ule ule, kubanana kule kule, maji tofauti.

Hiyo ni kwa magonjwa ya tumbo. Magonjwa ya hewa yana hesabu yake, na hapo kubanana kuna uzito zaidi, sitakuficha. Angalia Singapore, mji wa maghorofa ambako karibu kila mtu anaishi juu ya kichwa cha mwenzake. Korona ilipowaingia mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya waliosajiliwa kuugua mwaka huo walikuwa vibarua wa kigeni waliokuwa wakiishi kwenye mabweni, wanaume kumi na wawili na zaidi katika chumba kimoja. Familia zilizokuwa kwenye maghorofa ya kawaida, mji huo huo, ziliguswa kidogo. Mumbai nako, Julai 2020, watu walipimwa damu katika kata tatu. Katika mitaa ya mabanda asilimia 57 walikuwa wameshaambukizwa, na nje ya mabanda ni asilimia 16. Wote ni wa kata zile zile. Tofauti ilikuwa wangapi wanatumia chumba kimoja na choo kimoja.

Basi tuje kwenye chumba chako. Nadhani ni kile cha futi kumi kwa kumi, kama vingi vya huko. Hewa iliyomo ni kama mita za ujazo 23. Mkilala watano, kila mmoja ana chini ya tano, na mlango ukifungwa saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mnapumua hewa iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya mwenzenu, tena na tena. Mdudu wa TB husafiri katika chembe ndogo mno zinazotoka mtu akikohoa, akiongea au akiimba. Katika chumba kisicho na upepo chembe hizo huelea kwa saa kadhaa. Kwenye upepo hutawanyika, na jua huwaua wadudu wake.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nyumba ni dirisha, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko nilikotumia miaka yangu. Watafiti walipima hospitali nane za Lima, Peru, wakachapisha mwaka 2007. Wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zikifunguliwa pande zote, zilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kupitisha hewa vilipangiwa mara 12. Dirisha wazi likaishinda mashine. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana shuleni kwetu tulifundishwa kuheshimu mashine.

Lakini jaribu kumwambia mama wa Manyatta alale dirisha wazi. Nimejaribu. Atakuuliza: mbu je? Mwizi je? Na ana haki. Ukanda wetu wa ziwa ndio wenye malaria kuliko sehemu nyingine za nchi, na simu ikiachwa dirishani haifiki asubuhi. Kwa hiyo mtu anajifungia mbu nje na TB ndani. Nikaanza kuwaambia wenye ploti kwamba chuma cha dirisha na wavu wa kuzuia mbu ni vifaa vya kupambana na TB. Walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini fikiria: dirisha lenye chuma na wavu linaweza kubaki wazi usiku kucha. Fundi wa Kibuye atakufanyia kwa bei ambayo kodi ya miezi michache inaifunika, na mwenye ploti akikataa kulipia mwenyewe, wapangaji wanaweza kukubaliana naye wakate kwenye kodi.

Nakuru, ambako nilianzia kazi, adui alikuwa mwingine. Mji ule uko juu, mita 1,800 na ushei kutoka usawa wa bahari, na Kisumu ni 1,100 na kidogo. Huko Kaptembwo na Rhonda mwezi wa Julai watu wanafunga kila kitundu kwa baridi, wengine wanabandika magazeti hata kwenye pengo la juu ya ukuta, kisha wanaingiza jiko la makaa ndani. Moshi unawasha mapafu, gesi ya makaa inaweza kuua familia nzima usingizini, na kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote. Kisumu, joto hutusaidia: jioni watu huketi nje, watoto hucheza uani hadi usiku. Ploti zenye ua mpana katikati, hata zikiwa za mabati, zina afya ya hewa kuliko baadhi ya maghorofa mapya.

Ndiyo, hilo nalisema kwa makusudi kuhusu Migosi. Ghorofa si tiba wala si sumu. Kuna ghorofa zilizojengwa ukuta kwa ukuta, ambapo dirisha la chumba cha kulala linafunguka kwenye kishimo chembamba kati ya nyumba mbili, ukinyoosha mkono unagusa plasta ya jirani. Hewa haiji hapo. Vyumba vingine vina dirisha upande mmoja tu na mlango unaotoka kwenye korido yenye giza, kwa hiyo hewa haina pa kupita. Na usidharau mabomba. Mwaka 2003 ugonjwa wa mapafu uitwao SARS ulienea katika mtaa wa maghorofa wa Amoy Gardens, Hong Kong, ukawapata wakazi zaidi ya 300. Wengi hawakuwa wamekaribiana uso kwa uso. Wachunguzi waliona kwamba mitego ya maji, yaani mipindo ya bomba inayobaki na maji chini ya matundu ya sakafu ya bafu, ilikuwa imekauka, na feni za bafu zikavuta juu hewa chafu kutoka kwenye bomba la maji taka. Kwa hiyo ukihamia ghorofani, mwaga maji kidogo kila siku kwenye tundu la sakafu ya bafu, hata kama huogi hapo. Ule mpindo wa bomba uliojaa maji ndio kizuizi chako.

Kuhusu tumbo, ploti yako ina vyoo viwili kwa vyumba kumi na viwili. Sipendi, lakini nimeona choo kimoja kwa vyumba ishirini. Nitakachotaka kujua ni kama kuna kisima uani. Sehemu kubwa ya Manyatta na Nyalenda maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, na mvua ndefu zikija huinuka zaidi. Kisima kifupi kilichochimbwa hatua kumi kutoka kwenye choo cha shimo ni choo kingine chenye ndoo. Kama mfereji wenu ni wa kampuni ya maji ya mji na haukauki siku tatu mfululizo, mko mahali pazuri kuliko wanaoteka kisimani. Maji ya mkokoteni yachemsheni au mtie dawa, hata muuzaji akiapa kwa jina la mamake.

Nikuambie kosa langu. Nikiwa kijana, niliingia ploti moja Rhonda nikakuta watu saba kwenye chumba kimoja. Nikamwandikia mwenye ploti notisi apunguze wapangaji. Alitii bila ubishi, na hilo peke yake lingenishtua. Alipunguza watu, akapandisha kodi kufidia, na mwezi uliofuata nikawakuta wale waliotoka wamehamia kwa ndugu zao ploti ya pili, watu wanane au tisa chumba kimoja, dirisha moja dogo kama la jela. Notisi yangu ilipunguza watu kwenye ripoti, mjini ikawaongeza chumbani. Tangu siku ile kila nikisikia mkubwa anasema "tuwaondoe watu, tupunguze msongamano", huuliza: tuwaondoe tuwapeleke wapi, na kodi huko ni shilingi ngapi?

Na maneno hayo ni ya zamani. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza watu watengwe kwa makazi kufuatana na rangi, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Hapa Kisumu matokeo ya fikra za aina hiyo unayaona ukitembea kutoka Milimani kwenda Nyalenda: upande mmoja viwanja vipana, miti na mabomba, upande wa pili makazi yaliyoachwa nje ya mpaka wa manispaa kwa miaka mingi, mitaro ya maji taka ikiishia mpakani. Watu wakalaumiwa kwa ugonjwa ulioletwa na bomba ambalo halikuwafikia.

Je, kijiji ni kimbilio? Kwa magonjwa mengine hapana, kwa hayo ya hewa inategemea mtalala wangapi ndani. Kumbuka mwaka 2021. Aina ya korona ya Delta iligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza hapa Kisumu mwezi Mei, kwa wafanyakazi waliotoka India. Katikati ya Juni serikali ikabana kaunti 13 za ziwa na jirani zake, kafyu saa moja jioni. Katika hizo 13 zilikuwemo Siaya, Homa Bay, Busia na hiyo hiyo Vihiga, ambako kati ya nyumba na nyumba kuna shamba la mahindi. Delta haikuhitaji ploti ya vyumba kumi na viwili. Ilihitaji matanga, hema lililojaa, matatu iliyofungwa vioo kwa mvua, na soko. Na TB hivyo hivyo: katika nchi zenye wagonjwa wengi, maambukizi mengi hutokea nje ya nyumba ya mgonjwa, yaani kwenye magari, vilabu vya pombe, makanisa na sehemu za kazi. Mume wako akiwahamisha ninyi huku yeye akibaki mjini na kuja wikendi kwa matatu, atakuwa amewaletea mji mlangoni.

Malaria ndiyo inayonichekesha katika mjadala huu, kwa sababu inaenda kinyume. Mbu wake wa kwetu anapenda vidimbwi vya maji safi yenye jua, na mji ukijaa nyumba hakosi kupungukiwa na mahali pa kutaga. Mtoto wa Manyatta kwa kawaida ana nafasi ndogo ya kupata malaria kuliko mtoto wa kijijini kwenye ukanda huu. Ukienda Vihiga, nenda na neti. (Mbu mmoja mgeni, Anopheles stephensi, aliyetangazwa Marsabit mwanzoni mwa 2023, hutaga hata kwenye matangi ya mjini. Huyo akifika huku, nitaandika upya aya hii.)

Surua nayo sharti niitaje, ingawa kwa kifupi. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na mtoto anayeipata kutoka kwa nduguye chumbani, kwa kupumua hewa yake usiku kucha, mara nyingi huugua vibaya kuliko yule wa kwanza. Hapo kubanana kunadhuru kweli. Lakini sindano mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18, zinafanya kazi kuliko kuhama mara tano. Angalia kitabu cha kliniki cha mdogo wako leo.

Kwa hiyo ushauri wangu, na mume wako asome pia. Vihiga msiende kwa sababu ya TB. Kama mna sababu nyingine, za familia au za shamba, hiyo ni yenu. Lakini kipato chako cha Kondele ndicho kinachonunua maziwa na mayai, na mwili wa mtoto aliyeshiba hushindana na TB kuliko mwili wa mwenye njaa. Kama kodi ya Migosi itawala hadi mlo ushuke, afadhali mbaki Manyatta, muweke wavu na chuma kwenye dirisha, mpikie uani, na watoto walale kichwa upande wa dirisha. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu apite vyumba vyote kumi na viwili aulize nani amekohoa zaidi ya wiki mbili. Ni kazi yake, na hatoi jina la mtu yeyote kwa jirani.

Kama mnaiweza Migosi bila kupunguza chakula, nendeni, vyumba viwili kwa watu watano ni nafuu kubwa. Ila usiende kuiona mchana msimamizi akikusubiri na funguo. Nenda saa mbili usiku, wakati kila mtu anapika na maji yanahitajika. Fungua bomba uone kama yanatoka. Kisha ingia chumba cha kulala, funga mlango, fungua dirisha, washa kiberiti na ukizime, uangalie moshi unakwenda wapi. Ukivutwa kuelekea dirishani au chini ya mlango, lipa kodi ya mwezi wa kwanza. Ukisimama palepale juu ya kichwa chako, mwambie msimamizi utampigia kesho.